Nimtungieje mwanangu shairi lisiwe hotuba?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Pasua hapa Moshi, nina binti wa miaka sita. Nimemtungia beti kumi awekewe mpaka akue, lakini nikizisoma naona nasaha tupu: soma kwa bidii, heshimu wakubwa, epuka makundi mabaya. Mwenyewe alisikiliza ubeti mmoja akakimbilia kombolela. Asubuhi, mlima Kilimanjaro ukiwa wazi, huusimamia uani akausalimia. Mawingu yakishuka husema Kibo kajifunika blanketi. Mama yake anahofu kwamba tukimshangilia atazoea uongo. Nifanyeje? Na je, ni lazima niweke vina na mizani?
Baba wa Kifungua Mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Beti zako kumi usizichane. Kuwausia watoto kwa tungo ni desturi yetu ya tangu zamani. Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akamfundisha dini, adabu na maisha ya ndoa. Ila mwanzoni kabisa anamwita aje na wino na karatasi. Msikilizaji wake alikuwa binti wa kukaa chini na kuandika. Wako yuko kwenye kombolela. Usia wake utamngoja.

Kwa sasa andika anachokisema yeye. Wewe ukitazama juu unaona wingu, yeye anaona mtu aliyechelewa kuamka, na shairi limo humo. Wazee wa Uchagani nao walisimulia kwamba Mawenzi alikwenda kuomba moto kwa Kibo, akamkuta anatwanga; Kibo akakasirika, akampiga kwa mchi. Ndiyo sababu Mawenzi ana mita 5,149 na kilele kilichochongoka, na mwenzake mita 5,895 na kichwa cha mviringo. Sijasikia mtu akiwaita wazee wale waongo. Mweleze mama yake kwa upole: mtoto akivunja kikombe akakana, huo ni uongo, mkemeeni. Blanketi la Kibo halimdhulumu mtu.

Vina si lazima. Euphrase Kezilahabi na wenzake walikwisha kuchapisha mashairi yasiyo na vina miaka ya 1970, na yanasomwa mpaka leo. Lakini kwa mtoto wa miaka sita mimi nachagua utenzi, bila kusita. Mshororo wenye mizani 16, yaani silabi 16, unamkata pumzi kabla hajafika mwisho. Wa mizani 8 anaumudu, anaupigia makofi, kesho yake anaukariri akiwa anaoga. Mishororo mitatu ina kina kimoja, wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti. Nimejaribu na maneno ya binti yako:

Kibo umejifunika,
jua limekwishatoka,
sisi tumeshaamka,
uji wako unapoa.

Uji nimeutia mimi; wewe weka kilichopo mezani kwenu, kama ni chai na maandazi basi maandazi. Tazama pia kwamba hakuna mahali nimesema mlima ni mkubwa au unapendeza. Mtoto anayeuamsha mlima hausifu. Anaugombeza kama anavyogombezwa yeye saa kumi na mbili asubuhi, na hapo ndipo utamsikia mama yake ndani ya sauti yake.

Nunua daftari dogo. Akisema jambo, liandike jioni ileile, kama lilivyotoka, kabla hujalisahihisha, kwa maana sisi watu wazima tuna haraka ya kunyoosha. Kombolela nayo iingie: amejificha wapi, anadhani nani hamwoni? Usimtafutie maana, orodhesha tu.

Nawe usijifiche. Katika beti zako kumi sikukuona hata mara moja, nimeona mshauri asiye na uso. Umerudi kazini umechoka, anakuuliza kama mlima una miguu, ulimjibu nini? Hata kama ulisema "niache kwanza nipumzike", liweke. Atakapokuwa mtu mzima atataka kujua baba yake alikuwa nani jioni ile, zaidi ya kujua kwamba alimtaka asome kwa bidii.

Ukipata beti tatu msomee. Akibadilisha neno, mwachie, alimradi mizani inatosha. Isipotosha, hesabuni pamoja kwa vidole. Kisha niletee hizo tatu, pamoja na yale aliyoyabadilisha.