Maswali na Majibu: Subaru, Kiwanda cha Ndege Kilichogeukia Magari

Maswali yaliyotufikia safari hii karibu yote yanahusu Subaru, nayo yamegawanyika katika mafungu mawili: ya wale wanaolipenda gari hili kiasi cha kutosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na ya wale waliokwisha kuchoshwa nalo. Nimeyajibu pamoja kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu sifa za Subaru na lawama zake hutoka katika maamuzi yale yale ya wahandisi, na anayetaka moja hana budi kulipokea na la pili.

Swali: Kijiweni kwetu kuna mzee anayesisitiza kwamba Subaru walikuwa wakitengeneza ndege za kivita. Ni kweli, au ni soga tu? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Mzee wenu yuko sahihi, na ingefaa mumwongezee kikombe cha kahawa. Mwaka 1917 mhandisi Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ameacha kazi katika jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya utafiti wa ndege katika eneo la Ota, mkoani Gunma. Karakana hiyo ilikua na kuwa kampuni ya ndege ya Nakajima, mojawapo ya kubwa kabisa nchini humo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilibuni ndege zake yenyewe, zikiwemo Hayabusa na Hayate, na hata ile Zero iliyobuniwa na Mitsubishi ilitumia injini ya Nakajima iliyoitwa Sakae, na zaidi ya nusu ya ndege hizo ziliundwa katika viwanda vya Nakajima.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, na maelfu ya mafundi waliozoea kupima chuma kwa usahihi mkubwa wakajikuta hawana kazi. Waligeukia walichoweza: mwaka 1946 walitoa skuta iliyoitwa Rabbit, na inasimuliwa kwamba zile za mwanzo zilifungwa magurudumu ya mkia ya ndege za kivita yaliyokuwa yamebaki katika bohari. Mwaka 1950 kampuni ilivunjwa kuwa vipande kumi na viwili kutokana na sera ya kuyavunja makampuni makubwa ya wakati wa vita. Miaka mitatu baadaye kampuni tano zilizotokana na vipande hivyo ziliungana na kuunda Fuji Heavy Industries, ambayo ndiyo iliyozaa magari ya Subaru. Jina la kampuni yenyewe lilibadilishwa rasmi kuwa Subaru Corporation mwezi Aprili 2017 tu.

Wala hawakuuacha urithi huo. Hadi leo kampuni hii hutengeneza helikopta kwa ajili ya jeshi la Japani, na sehemu ya katikati ya bawa la ndege ya abiria ya Boeing 787, ile inayounganisha mabawa mawili na kiwiliwili, hutoka katika kiwanda chake. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa ndege ya aina hiyo amekwisha kubebwa na Subaru.

Swali: Nyota sita za kwenye nembo zina maana gani? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Rais wa kwanza wa kampuni, Kenji Kita, ndiye aliyelichagua. Nyota moja kubwa husimama badala ya kampuni mama, na tano ndogo badala ya zile kampuni tano zilizoungana. Mkulima wa zamani aliyesema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua alikuwa akizitazama nyota hizo hizo.

Swali: Gari lao la kwanza lilikuwa lipi, na lilipokelewaje? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Walianza na gari la majaribio la mwaka 1954, ambalo halikupata kuuzwa kwa wingi. Gari lililowapa jina ni Subaru 360, lililotoka mwaka 1958. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka daraja la magari madogo yenye nafuu ya kodi, kwa sharti kwamba injini isizidi sentimita za ujazo 360, nao Subaru wakaweka injini ya 356 yenye silinda mbili, nyuma ya gari. Msanifu wake mkuu, Shinroku Momose, alikuwa mhandisi wa injini za ndege, na hilo linaonekana wazi: badala ya kujenga bodi juu ya chesisi nzito kama ilivyozoeleka, alilifanya ganda la gari lijibebe lenyewe, kama kiwiliwili cha ndege, na gari zima likawa na uzito wa kilo 385 hivi. Watu wanne wazima waliingia humo. Wajapani walilipa jina la utani la mdudu, yule mbawakavu mdogo mwenye madoa, na magari takribani 390,000 yalitoka kiwandani kabla ya uzalishaji kukoma mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Marekani hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Wafanyabiashara wawili, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm, waliliingiza huko mwaka 1968, wakinufaika na ukweli kwamba gari jepesi namna hiyo halikubanwa na sheria za usalama za wakati ule. Mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports lililipima na kutangaza kwamba halikubaliki. Ingekuwa kampuni nyingine, labda ingefunga virago na kuondoka. Leo Marekani ndilo soko kubwa kuliko yote kwa Subaru, likiizidi hata Japani yenyewe.

Swali: Kwa nini Subaru inaunguruma tofauti na magari mengine? Wanangu hulitambua kabla hata halijakata kona. (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hili ndilo swali nililolisubiri, kwa kuwa jibu lake linafungua mengine yote.

Katika magari mengi silinda husimama zikiwa zimepangwa mstari mmoja, na pistoni hupanda na kushuka. Injini ya Subaru, iitwayo boksa, imelazwa: silinda mbili ziko upande wa kushoto na mbili upande wa kulia, na pistoni zinazotazamana hutoka nje na kurudi ndani kwa wakati mmoja, mfano wa mabondia wawili wanaogonganisha ngumi. Kwa kuwa pistoni ya upande huu inasawazisha msukumo wa ile ya upande wa pili, mtetemo hupungua. Na kwa kuwa injini yote iko chini, uzito wa gari unakaa karibu na ardhi, hivyo gari halilali sana kwenye kona. Subaru hawakuibuni wao, maana boksa ilikuwepo Ulaya tangu karne ya 19, lakini tangu walipoiweka katika Subaru 1000 ya mwaka 1966 hawajaiacha, na leo ni wao na Porsche tu miongoni mwa watengenezaji wakubwa wanaoendelea nayo katika magari.

Ama ule muungurumo, hautoki katika boksa yenyewe kama wengi wanavyodhani. Unatoka katika mabomba ya ekzosi. Katika injini nyingi za miaka ya 1990 zenye turbo, yaani kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, bomba la moshi la upande mmoja lilikuwa refu kuliko la upande wa pili, kwa sababu lilibidi lizunguke chini ya injini ili kuifikia turbo, kwa hiyo mipigo ya moshi haikufika kwa vipindi vilivyo sawa. Katika matoleo kadhaa ya baadaye wahandisi walisawazisha urefu wa mabomba, injini ikapumua vizuri zaidi, na sauti ile ikapotea. Wapo wamiliki wanaolipa fedha ili kurudisha mabomba yasiyolingana. Wanajua kwamba wananunua upungufu, na wanaununua hivyo hivyo; mimi siwezi kuwacheka.

Swali: Na huu mfumo wa fowili katika gari dogo la kawaida ulianzia wapi? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Ulianzia kwa mafundi wa umeme. Shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilihitaji gari la kuwapeleka mafundi wake milimani wakati wa theluji. Magari ya fowili ya aina ya jipu yalikuwepo, lakini yalikuwa yakirusha abiria na hayakuwalinda vyema na baridi. Kutokana na ombi hilo gari la kawaida la Subaru lilifungwa vifaa vya kusukuma magurudumu ya nyuma pia, na mwaka 1972 Leone ya mizigo ikatoka kiwandani ikiwa gari la kwanza la aina hiyo kuzalishwa kwa wingi nchini Japani.

Hapa ndipo umuhimu wa injini iliyolazwa unapoonekana. Boksa ni fupi, hukaa kwa urefu wa gari, na gia boksi huja nyuma yake moja kwa moja; kinachobaki ni kupitisha shafti hadi difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Mpangilio wote uko sawia, kushoto na kulia vikilingana uzito. Makampuni mengine yalilazimika kuipinda nguvu kona mbili tatu ili kuifikisha nyuma, ilhali kwa Subaru njia ilikuwa imenyooka tangu awali.

Swali: Tunasikia kwamba Safari Rally ndiyo iliyoifanya Subaru ipendwe Afrika Mashariki. Je, ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, ingawa siamini kwamba mbio peke yake zinaweza kuuza gari kwa miongo mitatu. Subaru walikuwa wakija Safari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Leone. Mwaka 1993 walikuja na jambo ambalo watu walilidhania ni mzaha: Vivio, kigari cha mjini chenye injini ya sentimita za ujazo 660. Colin McRae wa Scotland alikimbia nacho hadi kikamshinda njiani, lakini dereva wa Kenya, Patrick Njiru, alikifikisha mwisho na kushinda katika daraja lake, katika mashindano ambayo yaliwaacha wengi wenye magari makubwa wakiwa wamekwama. Kwangu mimi hilo linazidi hata ushindi wa McRae mwenyewe, aliyerudi mwaka 1997 na Impreza ya buluu yenye maandishi ya manjano na kutwaa Safari.

Kimataifa, McRae alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 27, Richard Burns akafuata mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003, wote wakiendesha Impreza, na kampuni yenyewe ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo kuanzia 1995 hadi 1997. Mwishoni mwa 2008 walijiondoa. Hivyo basi kijana wa leo anayebandika namba 555 ubavuni mwa gari lake anatangaza chapa ya sigara iliyokuwa ikidhamini timu ile, pengine bila kujua.

Swali: Fundi wangu amesema, "Mama, uza hilo gari kabla halijakufilisi." Nifanyeje? Ni Forester, na linavuja maji. (Msomaji, Arusha)

Jibu: Kwanza, mama yangu, muulize fundi huyo maji yanavujia wapi, kwa maana si kila maji yanayopotea ni msiba. Huenda ni mpira wa rejeta tu. Anachokihofia ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kilicho kati ya injini na kichwa chake, ambayo ndiyo doa kubwa katika historia ya Subaru, hasa kwenye injini za lita 2.5 zisizo na turbo zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi karibu na 2010. Injini ikiwa imelazwa, oili na maji hutuama sehemu ya chini ya maungio, na gasketi za wakati ule hazikuhimili hali hiyo kwa miaka mingi. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani, hata hivyo, yana injini ya lita 2.0, ambayo haikusumbuliwa sana na ugonjwa huo, kwa hiyo angalia kadi ya gari kabla ya kukubali hukumu. Ila likichemka, usiendelee kuliendesha hata kidogo.

Pia, usikubali kubadilishiwa tairi moja pekee. Magurudumu yote manne yameunganishwa, na tairi jipya lenye mzingo mkubwa kuliko yale yaliyolika huulazimisha mfumo mzima kufanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, hadi utakapoungua. Badilisha yote manne ya aina moja, na ikishindikana, tafuta lililolika kwa kiasi kile kile. Injini za zamani zina mkanda wa taiming, ule unaoziendesha valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, nao ukikatika valvu huweza kupinda; zile mpya zilizoanza kutoka mwaka 2010 zina cheni. Kubadilisha plagi kunachukua muda kwa sababu zimetazama ubavuni, karibu na ukuta wa bodi, na fundi asiyezoea atakutoza kwa hasira yake.

Kama fundi huyu hajawahi kufungua boksa, usiuze gari. Tafuta fundi mwingine.

Swali: Je, Toyota wameinunua Subaru? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Hawajainunua. Wana takribani asilimia 20 ya hisa. Walianza mwaka 2005, General Motors walipouza zao, na kabla ya General Motors alikuwepo Nissan tangu mwaka 1968. Tunda linalojulikana zaidi la ushirikiano huo ni gari dogo la michezo la mwaka 2012, ambalo Subaru huliita BRZ na Toyota waliliita 86. Yote mawili hutengenezwa Gunma, kwa Subaru, na ukifungua boneti ya ile ya Toyota utaikuta boksa imelala humo.