Jiandae kwa swali la "ina maana gani?"

Kama kazi zako zina samaki wanaopaa na milango iliyosimama katikati ya bahari, swali utakaloulizwa kuliko yote siku ya kufungua maonyesho yako ya peke yako ni hilo: "Ina maana gani?" Nakuomba uliwaze mapema, hata kabla ya kuwaza hotuba na mialiko, kwa sababu jibu lake linagusa kila kitu: idadi ya michoro, mpangilio wa kuta, hata vikaratasi vya maelezo.

Katika maonyesho yangu ya kwanza ya peke yangu, nilijibu kabla sijaulizwa. Kando ya kila mchoro nilibandika karatasi: yai ni matumaini, ngazi ni tamaa, kiti kitupu ni baba aliyetutoka. Watu walikuja, wakasoma karatasi, wakatupia jicho mchoro kuhakikisha yai limo, wakasogea kwingine. Jioni moja karatasi ya mchoro wa kiti ilibanduka ikaangukia nyuma ya benchi, nami sikujua. Pale ndipo watu waliposimama muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Mama mmoja aliniambia kiti kile kinamsubiri mtu ambaye hajazaliwa bado. Mimi nilikichora nikiomboleza, lakini nilipokitazama tena kwa macho yake, niliona alichokiona. Kesho yake asubuhi nilibandua karatasi zote, nikabakisha jina la mchoro, mwaka, vipimo na aina ya rangi.

Sisemi ukae kimya. Maneno yana nguvu yakifanya kazi yake. Mwaka 1929 mchoraji wa Ubelgiji, René Magritte, alichora kiko, kisha akaandika chini yake kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Sentensi ile haikufafanua picha. Ilimrudisha mtazamaji aitazame upya. Majina ya michoro yako nayo yawe hivyo. Ukichora ngazi isiyofika popote kisha ukaiita "Ngazi Isiyofika Popote", umepoteza nafasi.

Halafu kuna suala la uteuzi wa michoro, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo wengi tunapoharibu. Katika maonyesho ya pamoja, mtu anaona kazi yako moja au mbili, na taashira uliyoitumia, yaani kitu kinachobeba maana iliyofichika, inabaki kitendawili kwake. Ukiwa peke yako ukumbini, anakutana na taashira ileile mara ya pili, ya tatu, ya nne, na polepole anaanza kuielewa kama mtu anavyojifunza lugha kwa kuishi na wenyeji. Kiti ni kiti cha kawaida kwenye mchoro wa kwanza. Kwenye wa pili kimeota mizizi. Kwenye wa tatu mizizi imebaki, kiti hakipo. Huhitaji kumweleza chochote, ukuta umeshamweleza. Ila hilo linawezekana tu kama kila taashira imepewa kazi. Nilipotandaza michoro yangu yote 41 sakafuni, nilihesabu ndege kumi na mmoja, na tisa kati yao niliwachora kwa mazoea tu. Iliniuma kuiondoa michoro ile. Iondoe yako hata kama itakuuma. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alipofanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, New York mwaka 1938, alipeleka kazi takriban 25 tu. Wasurealisti, wasanii waliochota picha zao kwenye ndoto, walimhesabu mwenzao, lakini yeye alisisitiza kwamba hakuwa akichora ndoto bali uhalisia wake mwenyewe. Kauli hiyo ikusaidie kuchuja: bakiza taashira uliyoiishi, ondoa uliyoiazima kwa sababu inapendeza.

Usihangaike na ukubwa wa turubai. Ule mchoro wa Mhispania Salvador Dalí wa saa zinazoyeyuka, wa mwaka 1931, una sentimita 24 kwa 33 tu. Mchoro mdogo humvuta mtu asogee karibu, mradi uupe ukuta wake na usiubane kati ya mikubwa.

Mengine ni ya ufundi, nayapitia haraka. Katikati ya mchoro pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Taa imulike kwa mshazari, yapata nyuzi 30, la sivyo rangi za mafuta zitang'aa na kumnyima mtu kuona. Usipake vanishi ya mwisho, ule utando angavu wa kulinda rangi, juu ya rangi nzito ya mafuta iliyo na wiki chache. Kwa kawaida husubiriwa miezi sita au zaidi. Soma mkataba wa galari kabla ya kupeleka hata mchoro mmoja: kamisheni, yaani fungu la galari mchoro ukiuzwa, mara nyingi hufika nusu ya bei, na lazima iandikwe nani analipia usafiri, nani anawajibika mchoro ukiharibika.

Na wakosoaji? Magritte huyohuyo, maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Brussels mwaka 1927 hayakupokelewa vizuri na wahakiki. Mwaka uleule alihamia Ufaransa, akaendelea kuchora.

Siku hizi nikiulizwa maana, kwanza namuuliza mgeni jicho lake limetua wapi. Akishasema, namsimulia jinsi mchoro ulivyozaliwa: niliona nini siku ile, nilifuta nini, rangi ipi ilikataa. Maana simwambii. Mara nyingi anageuka, anarudi kwenye mchoro, nami namwacha hapo.