Dada wa Igurusi, usiuze huo mpunga

Usiuze. Salamu nitakupa siku nyingine. Nimeusoma uzi wako saa kumi na moja alfajiri nikijiandaa kwenda shamba, na jembe nimeliegemeza ukutani mpaka nimalize kuandika.

Umesema una magunia 14 ya mpunga stoo. Mtumishi amekuambia upande "mbegu ya agano", yaani sadaka, ya milioni moja na laki mbili kabla ya Ijumaa, ndipo mlango wako wa riziki ufunguke, na dalali yuko tayari kuchukua mzigo wote kesho kwa bei ya kutupa. Unauliza kama hiyo ni imani au ni ujinga. Umeuliza pia kuhusu fungu la kumi na kuhusu mume wako ambaye hasali. Hayo tutayaongea siku nyingine. Naanza na mpunga kwa sababu ndio unaoondoka kesho.

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo, Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Uyole na Tukuyu. Mnaokumbuka mwaka 2021 mnakumbuka mbolea ilivyopaa. Mfuko wa DAP wa kilo 50 tuliokuwa tukiununua chini ya elfu sabini ukavuka laki moja, na ulikuwa bado unapanda. Nilikuwa nimeweka 1,350,000 za msimu: mbegu, mbolea, dawa ya ukungu na vibarua. Kwa bei zile nikaona hazitoshi, na mtu ambaye hela yake haitoshi masikio yake hufunguka sana.

Ndipo nikaalikwa kwenye mkutano wa maombi mjini Mbeya. Sitataja huduma wala mhubiri, msiniulize. Alihubiri Mwanzo 26, Isaka alivyopata mia kwa moja katika mwaka wa njaa. Akasema kuna watu humu ndani wanalia juu ya mbolea, na Mungu amemwonyesha wakulima watatu. Mbeya, jamani! Kusimama mbele ya umati wa Mbeya mwezi wa kumi ukasema humu kuna mkulima anayelia juu ya mbolea ni sawa na kusema humu kuna mtu mwenye viatu. Lakini mimi nilihisi ameniita kwa jina. Akasema laki tisa, akasema ndani ya siku saba, akasema baada ya hapo malaika wa msimu anaondoka.

Nilitoa laki tisa.

Nikarudi nyumbani na kichupa cha mafuta na laki nne na nusu. Nilinunua mbegu, nikalipa vibarua, nikapanda ekari moja na nusu bila punje ya mbolea. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, nikamjibu kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Viazi viliota, vikawa vya njano, vyembamba. Januari ukungu ukashuka kutoka milima ya Uporoto kama kawaida yake, asubuhi mpaka saa nne huoni mti wa jirani, na majani yakaanza madoa meusi. Kila mkulima wa huku anajua maana yake. Unapiga dawa siku hiyohiyo au unasahau shamba.

Nilikuwa na hela ya dawa. Naomba hili ulisome taratibu, dada. Hela ya dawa ilikuwepo, mke wangu alikuwa ameuza kuku. Nilimpigia simu msaidizi wa mtumishi, akaniambia ukinunua dawa umeonyesha mashaka, agano linakufa. Basi nikachanganya yale mafuta na maji kwenye ndoo, nikanyunyiza pembe nne za shamba kwa mkono huku naomba. Bomba la kupigia dawa lilikuwa linaning'inia jikoni. Siku ya tisa shamba lilikuwa jeusi kama limemwagiwa maji ya moto, na harufu yake unaipata ukiwa barabarani.

Ungedhani hapo nimeamka. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo nalitubu hadi leo.

Nilishuka Mbeya kumwona mhubiri mwenyewe. Nilisubiri tangu saa mbili hadi saa tisa, nikapewa dakika chache. Hakuuliza shamba lina ukubwa gani wala watoto wanakula nini. Alisema mbegu ya kwanza ilizuiwa na madhabahu ya ukoo wetu, kwamba wazee wangu wa Rungwe waliacha kitu ardhini, na inahitajika mbegu ya kuvunja. Laki nne na ishirini elfu. Kabla ya Jumapili. Laki nne na ishirini elfu, angalieni. Msaidizi wake alikuwa ameniuliza nje, kwa upole kabisa, kama kuna akiba yoyote nyumbani, nami nikamtajia kiasi.

Hiyo haikuwa hela yangu. Ilikuwa ya mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wadogo zangu walikuwa wamechanga hela ya upasuaji wakaniachia mimi niitunze kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikaipeleka. Nilijisemea moyoni kwamba Mungu akifungua mlango nitamtibu mama mara mbili.

Machi mama alikanyaga pembeni ya ngazi ya jikoni, kwa kuwa hakuiona, akavunjika mkono wa kulia. Mkono anaolimia, anaopikia, anaoshikia Biblia ambayo tayari alikuwa haisomi. Nilimwambia ukweli wote akiwa na bandeji. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwa Kinyakyusa kwamba Kyala, yaani Mungu, yupo, na akaniuliza kama nimekula. Sikuweza kujibu. Ningependa anipige.

Wale watu wanasoma Malaki 3 kila ibada, lakini Marko 7 hawaifungui. Hapo Bwana Yesu anawakemea waliomwambia mtu kwamba kile ambacho kingewafaa baba na mama yake akiite Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo wazazi wakose. Anasema wamelitangua neno la Mungu. Niliisoma sura hiyo usiku nikiwa nimekaa nje ya mlango wa mama. Na Mwanzo 26:12, ile ya mia kwa moja niliyolipia laki tisa, nendeni mkaisome wenyewe polepole: Isaka alipanda katika nchi ile. Alipanda udongoni! Hakumpelekea mtu bahasha. Baraka ilimkuta ameshika jembe, na mistari michache mbele watumishi wake wanachimba visima. Miaka yote nimekwenda kanisani, na mstari wa mkulima nikamwachia asiyelima anisomee.

Nina hasira, siifichi. Simkasirikii Mungu. Namkasirikia mtu anayejua kwamba mama mjane wa Igurusi au Inyala akisikia sauti ya Mungu hawezi kukataa, halafu anaiazima sauti hiyo akusanyie hela. Elisha alipomponya Naamani alikataa zawadi yake. Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari akaomba fedha na mavazi kwa jina la bwana wake, na ukoma wa Naamani ukamshika. Petro alipoletewa fedha na Simoni mchawi alimwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Paulo alishona mahema Korintho. Aliwaandikia Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Mtumishi wako, dada, anafanya kazi gani asikulemee?

Mimi siku hizi nina kanuni moja, na ndiyo niliyokuja kukupa: mtu akikutajia kiasi na tarehe kwa jina la Mungu, funga mkoba. Kiasi na tarehe vikitajwa pamoja, toka nje. Hata kama amekutajia jina la marehemu baba yako, hata kama umelia, hata kama mwili umesisimka. Mimi nilisisimka mara mbili. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, tena wenye njaa kweli, aliandika kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Na akasema nia ikiwapo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Wewe mpunga huo unao, ndiyo, lakini umeandika mwenyewe kwamba ndani yake kuna ada ya Januari na chakula cha watoto hadi mavuno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hayo magunia si yako kuyatoa.

Na atakayekuja hapa chini kuniambia sina imani, namkaribisha Isyonje, tuombe pamoja tukipalilia. Matuta yapo ya kutosha wote.

Maana imani ninayo, na nimemwona Mungu akinilisha, ila hakunilisha kwa njia niliyouziwa. Baada ya viazi kufa nilivuna magunia tisa mahali ambapo nimezoea kuvuna hamsini. Jirani yangu, mzee wa Kilutheri ambaye hata hatusali kanisa moja, alikuja jioni moja na mkokoteni wa ng'ombe. Magunia sita ya mbegu ya viazi, iliyochaguliwa vizuri, imeanza kuchipua. Akayashusha, akasema zikikaa kwake zitaoza. Nikamuuliza nitamlipa lini. Akasema hajaja kudai. Sikumwomba. Sikuwa nimempa chochote tangu nimfahamu, zaidi ya hayo tulikuwa na ugomvi wa mpaka. Nilisimama pale uani nikatetemeka kuliko nilivyotetemeka kwenye mkutano wowote. Tangu utotoni nimeimba neema, neema, nyumbani kwetu Rungwe ambako Wamoraviani walileta Injili mwaka 1891, na siku hiyo ndiyo nimeiona ikishushwa kwenye mkokoteni.

Agosti 2022 ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, DAP ikarudi elfu sabini. Nilijiandikisha, nikapanga foleni kama wengine, nikashukuru Mungu foleni ikiwa bado ndefu. Msimu huo nilipiga dawa kila niliposhuku ukungu, na kila nilipojaza bomba niliomba. Wadogo zangu walichanga upya, safari hii hela wakampa mke wangu, na walifanya vema. Mama alipofunguliwa jicho la kwanza alinitazama usoni akasema nimezeeka.

Ile sala tunayoisema kila siku, utupe leo riziki yetu, zamani niliisema kama mtu anayedai mshahara uliochelewa. Sasa nasikia lile neno "leo". Mana ilishuka kila asubuhi, hawakuinunua, na bado iliwabidi watoke hemani kuiokota kabla jua halijawa kali. Waliolaza ya kesho iliota mabuu. Waliokwenda siku ya saba hawakuikuta. Ndege wa angani hawana ghala, ni kweli, lakini hapa kwetu alfajiri hii niliyoamka nayo wameshanitangulia shambani. Mungu anawalisha wakiwa wanatafuta. Na mjane wa 2 Wafalme 4, yule mwenye deni, mafuta yalipomjazia vyombo vyote Elisha hakusema lete nusu. Alimwambia akauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Mpunga wako ni hayo mafuta, dada. Umeshapewa. Umekuwa ukiomba mlango wa riziki, na mlango wenyewe una kufuli na ufunguo uko mkononi mwako, stoo Igurusi.

Ukitaka kumtolea Mungu, na ukitaka umtolee, toa debe moja. Mpelekee jirani mwenye njaa unayemjua kwa sura, jioni, bila mtu kutangaza. Hilo halihitaji Ijumaa.

Watakupigia simu. Mimi walinipigia saa kumi usiku, wakisema wanaona kivuli juu ya nyumba yangu. Ukisikia hivyo moyo utakudunda, kwa hiyo nakuambia mapema ili usidhani ni Roho. Zima simu, amka, piga magoti mwenyewe. Zaburi ya 23 unaijua bila kusomewa.

Kesho dalali akija mwambie mzigo hauuzwi. Akiongeza bei mwambie hauuzwi. Unajua kuliko mimi kwamba mpunga wa huko kwenu Mbarali unapanda bei kadiri magunia yanavyopungua sokoni. Leo jioni yahesabu magunia na mume wako, hata kama hasali, ajue yapo mangapi. Yainueni juu ya mbao yasiguse sakafu, na yasiegemee ukuta. Panya watafuteni sasa, mvua ikianza wataingia ndani. Ukishamaliza niandikie hapa neno moja tu, kwamba yapo 14.

Jua limetoka, naenda shamba.