Je, kusubiri toleo la .2 kunatosha kukwepa hitilafu za kuharibu data?

Swali: Timu yetu haihamii toleo kuu jipya la PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata) mpaka lifike .2, yaani toleo dogo la pili la marekebisho. Je, kufikia hapo hitilafu za kuharibu data huwa zimeshagunduliwa?

Jibu: Si zote. Chukua toleo la 14. Lilitoka tarehe 30 Septemba 2021, na 14.2 ikafuata Februari 2022. Hitilafu ya CREATE INDEX CONCURRENTLY na REINDEX CONCURRENTLY, amri za kujenga na kujenga upya faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) bila kuzuia uandishi, ilikuwemo tangu 14.0, lakini marekebisho yalikuja na 14.4, tarehe 16 Juni 2022. Aliyesubiri .2 aliipokea nzima.

Kinachofichua hitilafu ni mzigo halisi wa kazi, na kila timu ikisubiri, mzigo huo haupatikani. Juu ya hapo, uharibifu wenyewe hukaa kimya. Hapa, faharasa ikiwa inajengwa huku jedwali likiendelea kuandikwa, baadhi ya rekodi ziliweza kukosa kuingizwa ndani yake. Hakuna ujumbe wa kosa: hoja (ombi la kusoma data) inayopita kwenye faharasa inaleta rekodi pungufu, inayosoma jedwali zima inazileta zote. Watu huanza kwa kukagua programu yao wenyewe, na ripoti inazidi kuchelewa. Cheksamu za kurasa (namba za kukagua kama data iliyo diskini imeharibika) hazisaidii, kwa sababu ukurasa huandikwa diskini bila kasoro. Kilichopungua ni yaliyomo.

Ningeacha kuhesabu namba ya toleo. Toleo kuu jipya likiwa bado beta (la majaribio), rejesha nakala rudufu yenu kwenye seva ya majaribio, iendesheeni hoja na kazi zenu za kila siku, ikiwemo kujenga upya faharasa huku data ikiandikwa. Kisha endesha pg_amcheck, programu ya PostgreSQL ya kukagua uharibifu:

pg_amcheck --install-missing --heapallindexed jina_la_hifadhidata

Bila --heapallindexed, rekodi iliyokosekana kwenye faharasa haitaonekana. Kipimo hiki ni cha faharasa za B-tree (aina ya kawaida) na kinasoma sana diski, kwa hiyo kwenye seva ya kazi kiendesheni saa zisizo na msongamano.

Matoleo madogo ni habari nyingine: hayo msiyacheleweshe. Kwa kawaida hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba, lakini 14.4 ilitolewa nje ya ratiba kwa uzito wa hitilafu hii. Someni maelezo ya toleo kabla ya kusakinisha. Kusakinisha 14.4 kulizuia uharibifu mpya tu. Faharasa zilizokwisha haribika zilibaki hivyo mpaka zijengwe upya kwa REINDEX.