Swali la lugha: mfumo "unaobadilika" au "unaojibadili"?

SWALI: Naandaa mwongozo wa walimu kuhusu mifumo ya kufundishia inayotumia akili unde, ile inayompa kila mwanafunzi maswali yanayolingana na uwezo wake. Wenzangu wanaandika "mfumo unaobadilika" au "unaobadilishika". Mimi nimezoea "unaojirekebisha". Lipi sahihi? Tena neno "kiwango" limejaa kila ukurasa hadi wasomaji wanachanganyikiwa. Nifanyeje?

JIBU: Yote matatu ni Kiswahili fasaha, ila hayasemi jambo moja. Tofauti iko kwenye mnyambuliko, kwani ndio unaomwonyesha msomaji nani anabadili nini.

"Kubadilika" hutaja hali tu: upepo hubadilika, bei hubadilika. Mtenda hayumo. Mwalimu akisoma "mfumo unaobadilika" ataelewa kwamba leo uko hivi, kesho vile, na ataingiwa na shaka kama somo aliloliandaa jana atalikuta. "Mfumo badilifu" una kasoro hiyohiyo.

"Unaobadilishika" humwashiria mtenda aliye nje: kuna mtu anayeweza kuubadilisha. Hiyo ni sifa nyingine kabisa, na mwongozo wako unaihitaji pia. Mwalimu akifungua mipangilio akapunguza maswali ya zoezi kutoka 20 hadi 10, mfumo umebadilishwa. Mfumo wenyewe ukiona mwanafunzi amejumlisha 3/4 na 1/2 akapata 4/6, ukatambua kwamba amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kisha ukamrudisha kwenye somo la kutafuta asili moja, hapo umejibadili. Ukizichanganya sifa hizi mbili, mwalimu ataketi kusubiri mfumo ufanye kazi ambayo ilipaswa kufanywa kwa mkono wake.

"Kujirekebisha" kumekaribia, maana kuna ji-. Lakini kurekebisha ni kuondoa kasoro, na mtu aliyejirekebisha ni yule aliyeacha mwenendo mbaya. Msomaji atadhani mfumo unajitengeneza ulipoharibika.

Mimi ningeandika "mfumo wa kufundishia unaojibadili kulingana na mwanafunzi". Usikate "kulingana na mwanafunzi" unapoutaja mara ya kwanza. Kinyonga naye hujibadili, kwa hiyo msomaji aambiwe kinachofuatwa ni nini. Baada ya hapo "mfumo" peke yake unatosha. Ukipendelea "mkufunzi wa akili unde", ujue upatanisho utakudai "anauliza, anajibu", na mwalimu ataanza kuutarajia uwe na busara ya mtu. Katika mwongozo wa kazi, bakia na "mfumo unauliza". Kuhusu akili unde, akili mnemba na akili bandia, chagua moja uifuate hadi mwisho. Mimi hulikwepa "bandia" kwa sababu limezoeana mno na noti za kughushi.

Sasa "kiwango". Neno hili limebebeshwa mizigo minne: ujuzi alionao mwanafunzi, hatua aliyofikia, mpaka wa kuvuka, na kanuni za kiufundi. Ndiyo maana watu huandika: "Mfumo huangalia kiwango cha mwanafunzi, akifikia kiwango humpandisha kiwango kwa kufuata viwango." Igawe mizigo: "Mfumo hukadiria ujuzi wa mwanafunzi, kadirio likivuka kizingiti, humpandisha ngazi, na kumbukumbu huhifadhiwa kwa kufuata viwango vya kiufundi." "Viwango" libaki kwa kanuni za kiufundi peke yake.

Neno "kadirio" nimeliweka makusudi. Mbinu moja inayotumika sana kukadiria ujuzi wa mwanafunzi, iliyochapishwa na Albert Corbett na John Anderson mwaka 1995, hutumia uwezekano wa aina nne: wa kujua tangu mwanzo, wa kujifunza baada ya kila swali, wa kubahatisha na wa kuteleza. Kiswahili kilikuwa tayari na maneno haya. Anayebahatisha hajui ila amepata; aliyeteleza anajua ila amekosa, na kuteleza si kuanguka. Tuseme kadirio la mwanzo ni 0.40, kubahatisha 0.20, kuteleza 0.10. Mwanafunzi akijibu swali kwa usahihi, zidisha 0.40 kwa 0.90 (uwezekano wa kutoteleza) upate 0.36, zidisha 0.60 (uwezekano wa kutojua) kwa 0.20 upate 0.12, kisha gawa 0.36 kwa jumla ya majibu hayo mawili, 0.48. Kadirio linapanda hadi 0.75, kabla ya kuongeza sehemu ya kujifunza. Ukiandika "mwanafunzi amepata asilimia 75", umepotosha, kwa sababu amejibu swali moja tu na amelipata. Andika "mfumo unakadiria kwa asilimia 75 kwamba anaujua ujuzi huu". Kizingiti cha kawaida katika mbinu hii ni 0.95.

Kwenye viwango vyenyewe kuna mtego mmoja wa sarufi. Kiwango cha xAPI, yaani kanuni za kuhifadhi kumbukumbu za kujifunza, ambacho kwa IEEE, shirika la wahandisi linalotoa viwango, ni 9274.1.1 cha mwaka 2023, huhifadhi kila tukio kama sentensi fupi: mtenda, kitenzi, kitu. Kitenzi kina kitambulisho chenye umbo la anwani ya intaneti, na kando yake maandishi ya kuonyeshwa kwa kila lugha. Tafsiri maandishi tu, chini ya alama ya Kiswahili, "sw". Ukigusa kitambulisho, kumbukumbu hazitatambulika tena na mifumo mingine. Na katika maandishi hayo usiweke "amejibu", kwa kuwa xAPI huruhusu mtenda awe kundi, nawe utapata "Kundi la 3 amejibu swali la 7". Kitenzi chetu hubeba nafsi ndani yake, na programu haijui kuibadilisha. Weka "kujibu": "Kundi la 3 – kujibu – swali la 7". Husomeka kama lebo, na upatanisho hauharibiki, mtenda awe mmoja au kundi zima.