Maswali ya Wasomaji: Wavulana Wavae Nini Katika Kasri la Cinderella?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 7 na mwingine 4, na tunaishi Uyole, Mbeya. Wifi yangu anayeishi Florida, Marekani, ametualika mwezi Juni watoto watakapokuwa likizo, na ametuwekea nafasi ya kifungua kinywa ndani ya kasri la Cinderella katika bustani ya Magic Kingdom, mahali ambapo mabinti wa kifalme wa hadithi hupita meza hadi meza kuwasalimu watoto. Anasema watoto wengi huenda wamevaa mavazi ya wahusika. Mkubwa wangu anataka awe askari wa kasri mwenye upanga na kinyago. Mdogo anataka chochote atakachovaa kaka yake, ingawa mwaka jana alilia sana kwenye tamasha alipomwona mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha sungura. Mama mkwe hataki kabisa kusikia habari hizi. Anasema watoto wa kiume hawavalishwi kama midoli. Mume wangu naye anataka ashonewe vazi linalofanana na la wanawe. Je, nimtafute fundi hapa Mwanjelwa, au tununue hukohuko? – Mama wa Wawili, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Niruhusu nianze na baba watoto, kwa kuwa jibu lake ni fupi: haiwezekani. Walt Disney World, ambayo Magic Kingdom ni mojawapo ya bustani zake nne, hairuhusu mtu wa miaka 14 au zaidi kuingia akiwa na vazi la mhusika, isipokuwa kwenye hafla chache zenye tiketi zake, kama zile za msimu wa Halloween. Mantiki yake inaeleweka, maana mtoto anaweza kumkimbilia mgeni yeyote akidhani ndiye mhusika halisi. Baba avae shati lenye rangi ya majoho ya wanawe, aishie hapo.

Watoto wenu wako chini ya umri huo, kwa hiyo mavazi wanaruhusiwa, na hata kinyago kinaruhusiwa mradi kisifunike uso mzima na macho yaonekane. Upanga ni suala jingine. Bunduki na bastola za kuchezea zilipigwa marufuku katika bustani hizo mwezi Desemba 2015, na kitu kinachofanana na silaha halisi kinaweza kuzuiwa langoni mifuko inapokaguliwa. Mimi ningeuacha upanga Uyole hata kama ni wa kadibodi, kwa sababu mtoto wa miaka 7 mwenye upanga kiunoni hakai kwenye kiti akatulia, na mdogo wake atakuwa ameshaudai kabla chai haijamiminwa. Kinyago nacho, pamoja na kuruhusiwa, ni kero kwa mtu anayekwenda kula.

Sasa tuje kwa fundi, maana hapo ndipo penye kazi. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mwezi Juni watoto wa Uyole huamka na sweta. Katikati ya Florida, mwezi huohuo, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, hewa hujaa unyevu kama Dar es Salaam ya Februari, na mvua za radi hunyesha alasiri nyingi. Mavazi mengi ya wahusika yanayouzwa madukani hushonwa kwa poliesta inayong'aa, kitambaa ambacho hakinyonyi jasho na ambacho huwasha shingoni na kwapani. Ukumbi wa kulia una kiyoyozi, lakini kabla na baada ya mlo watoto watatembea juani kwa saa kadhaa, nao hawajalizoea joto la namna hiyo.

Kwa hiyo mwambie fundi asishone vazi zima la askari, bali ashone nguo za kawaida zinazovalika peke yake, kisha vitu viwili vya kuvaa juu yake ambavyo mtoto anaweza kuvua mwenyewe. Ndani iwe fulana ya pamba ya kijivu. Kaptula iwe ya rangi iliyokoza na yenye lastiki kiunoni, si zipu na kifungo, kwa kuwa mtoto wa miaka 4 akibanwa na haja hatoi nafasi ya kuhangaika na vifungo. Juu ya fulana avae kizibao kisicho na mikono, kilicho wazi ubavuni ili hewa ipite, chenye simba aliyekatwa kwa kitambaa cha njano na kushonewa kifuani. Halafu joho, ambalo ndilo litakalomfanya ajione askari kweli: liwe jepesi, liishie chini kidogo ya kiuno, na pindo lake lipigwe overloki lisije likachanuka njiani. Kamba ya kufunga shingoni ikatae kabisa. Mwambie fundi aweke vipande viwili vya utepe wa kunasa, ule wa viatu vya watoto, kimoja kila bega, ili joho likinaswa kwenye kiti au mlango liachie lenyewe kabla halijambana mtoto. Mikono mipana ya kifalme nayo ikatae, hata kama fundi ameshaipenda kwenye picha ya simu, kwa sababu itachovya katika kila sahani itakayopita mezani. Rangi nyeupe sina haja ya kuieleza.

Vazi likishakuwa tayari, wavalishe nyumbani siku moja wakae mezani wale wali na maharage wakiwa nalo. Kitakachowasumbua hapo kitawasumbua na kasrini, na fundi bado atakuwa karibu wa kukirekebisha. Miguuni wavae raba walizozizoea.

Kuhusu mama mkwe, ningemsikiliza kuliko unavyodhani. Ukimwambia kwamba ndivyo wafanyavyo huko, hutamshawishi, naye atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini wajukuu wake wawaige. Hata hivyo, wavulana kuvalishwa ili waigize si jambo geni Mbeya. Kila Krismasi, katika makanisa ya Moraviani na ya Kilutheri, watoto hufungwa khanga kichwani wakawa wachungaji wa kondoo, wengine hutundikwa mapazia mabegani wakawa mamajusi, na akina bibi ndio hupiga vigelegele vya kwanza. Mkumbushe hilo kwa heshima, wala usilifanye mashindano. Hoja yake yenye uzito ni ile ya midoli, na hapo namuunga mkono. Mtoto anayevalishwa ili mama apate picha ya kutuma kwa ndugu, huku mwenyewe ananung'unika na kujikuna, amefanywa mdoli kweli. Kwa hiyo ninachouliza mimi ni nani anayelitaka vazi. Mkubwa ameliomba mwenyewe, basi apewe. Na akibadili nia asubuhi ya siku hiyo, avae fulana na kaptula yake na mtu asimsemeshe. Hakuna sharti kwamba mvulana anayeketi na mabinti wa kifalme lazima awe askari au mwanamfalme, na wahusika humsalimu kila mtoto kwa uchangamfu uleule, awe na joho au asiwe nalo. Ukitaka kumpoza mama mkwe zaidi, mwombe achague kitenge cha kutia bitana kwenye majoho. Nadhani atalalamika kidogo, kisha atachagua kilicho bora kuliko chako.

Mwanao mdogo asikupe hofu kubwa. Mabinti wa kifalme wa kasrini ni watu wenye nyuso wazi, nao huongea na watoto, tofauti na Mickey Mouse na wenzake wenye vichwa vikubwa ambao hawatamki neno, hivyo wifi amechagua vizuri hata kama hakulijua hilo. Mkalishe kati yako na baba yake, mhusika amfikie kwa mbele badala ya kumtokea mgongoni, na asisukumwe kupiga picha. Mazungumzo yatakuwa ya Kiingereza, kwa hiyo wazoeze wote wawili kujibu wakiulizwa majina yao na umri wao. Kama watabeba daftari la kukusanya saini, chukueni kalamu nene, kwa kuwa wahusika wenye glavu kubwa hushindwa kushika kalamu nyembamba.

Kununua hukohuko kunawezekana, kwani maduka yamo ndani ya bustani, na katika kasri hilohilo ipo saluni iitwayo Bibbidi Bobbidi Boutique inayowapamba watoto wa miaka 3 hadi 12, wakiwemo wavulana wanaotaka kuwa askari wa kasri. Lakini bei ni za watalii, na sioni sababu ya kuzilipa wakati Mwanjelwa pana cherehani na vitambaa vya kila namna.

Kama wifi bado anatafuta mlo wa pili, mwambie aangalie Tusker House katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Mgahawa huo umo katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki, na Donald Duck hupita mezani amevaa kama mtu wa safari. Huko shati la kaki na kaptula vinatosha, na vitavalika tena mkirudi. Wavulana wa Uyole wakikuta maneno ya Kiswahili ukutani, Florida, nadhani watafurahi kuliko kasrini. Tatizo ni kwamba Donald ni mmoja wa wenye vichwa vikubwa, kwa hiyo mwonesheni mdogo picha zake mapema, na kama ataendelea kukataa, acheni mlo huo.

SWALI: Mwanangu wa kiume atatimiza miaka 10 siku mbili kabla ya mlo wa aina hiyo ambao shangazi yake amempangia. Je, bado atahesabiwa kuwa mtoto? – Baba Mzazi, Mafinga

JIBU: Inategemea unauliza kuhusu nini. Katika milo hiyo bei ya mtoto ni ya miaka 3 hadi 9, walio chini ya miaka 3 hawalipiwi, na kuanzia miaka 10 bei ni ya mtu mzima. Kwa upande wa mavazi, ruhusa inaendelea hadi miaka 13. Kwa hiyo kijana wako atalipiwa kama mtu mzima huku akiwa na joho mabegani, jambo ambalo yeye mwenyewe huenda akaliona sawa kabisa. Mwambie shangazi yake, anapoweka nafasi, aandike umri ambao mtoto atakuwa nao siku ya mlo, si ule alio nao leo.