Flashi ya TB 2 kwa elfu kumi na tano, na maswali mengine

Barua zimerundikana, na nyingi ni za flashi. Naanza na hiyo kwa sababu jeraha lake nalijua.

Kaka, nilinunua flashi ya TB 2 stendi kwa Sh 15,000. Nimeijaza muvi. Majina yote nayaona, lakini nikifungua, chache ndizo zinazocheza. Ni virusi? (Msomaji, Morogoro)

Si virusi, ndugu yangu. Umepigwa. Pole, wala usione haya, maana mimi ninayejifanya mjuzi nilipigwa vilevile. Nilinunua ya GB 512 nikiwa nawahi basi, nikahamishia humo picha zote za harusi ya mdogo wangu, kisha nikazifuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi ya gemu. Zilizopona ni za maandalizi, watu wanamenya vitunguu. Bibi harusi hayupo.

Ndani ya kila flashi mna kichipu kinachoiambia kompyuta nafasi iliyopo. Wachakachuaji hukiandika upya ili kidanganye. Flashi yenye GB 16 za kweli inajitangaza kuwa ya TB 2, na kompyuta inaamini kwa sababu haina pengine pa kuuliza. Ni kama gesti yenye vyumba vinane, lakini kitabu cha wageni kina mistari mia mbili. Wote wanaandikishwa, ila kuanzia wa tisa wanalala uani. Ndiyo maana majina ya muvi unayaona. Kitabu kipo, wageni hawapo.

Siku nyingine, kabla hujaiamini flashi yoyote, ijaribu kwa programu ya H2testw kama una Windows, au F3 kama una Linux au Mac. Zote ni za bure. Zinaijaza flashi data hadi pomoni, zinaisoma upya, kisha zinakutajia GB ngapi ni za kweli. Kubwa inaweza kumaliza usiku mzima, kwa hiyo ianzishe unapokwenda kulala. Tena usichanganye utapeli huu na hesabu ya kawaida. Flashi halali ya GB 32 huonekana 29.8 kwenye Windows, na diski ya TB 1 huonekana 931, kwa sababu kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, wakati Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Hapo hujaibiwa.

Muvi zako hazirudi. Nyingine hazikuwahi kuandikwa popote, na nyingine zimefunikwa na muvi zilizoandikwa juu yake. Fundi atakayekwambia anaweza kuziokoa anataka elfu kumi na tano nyingine.

Flashi yangu ina GB 20 tupu lakini inakataa muvi ya GB 5. Inasema faili ni kubwa mno. (Mwanafunzi, Dodoma)

Yako ni nzima. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa enzi za Windows 95, ambao ukubwa wa kila faili unaandikwa kwa biti 32 tu. Namba kubwa inayoenea humo ni GB 4 kasoro baiti moja, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Hamisha vitu vyako, kisha ifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho. Ila jaribu kwanza kama TV ya nyumbani inaisoma exFAT. Za zamani nyingi hazisomi, na utabaki na muvi uliyoihamisha kwa jasho na TV inayosema flashi haina kitu.

Shikamoo. Tumenunua TV mpya ya inchi 55. Mpira unapendeza ajabu, lakini kila muvi inaonekana kama tamthilia iliyopigwa na kamera ya harusi. Mume wangu anasema huo ndio ubora wenyewe. Nani yuko sahihi? (Mama wa nyumbani, Tanga)

Marahaba. Wewe ndiye uliye sahihi, lakini mwambie taratibu.

Muvi hupigwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Kiwango hicho kilishika mwishoni mwa miaka ya 1920, sauti ilipoingia kwenye sinema. Kabla ya hapo mwendo wa mkanda ulikuwa ukibadilikabadilika na watazamaji hawakujali, kwa sababu jicho husamehe. Sikio halisamehi. Mkanda wenye sauti ukienda mbio kidogo tu, mwanamume anaongea kama mtoto. Basi ikabidi mwendo uwe mmoja, na vizazi vimezoea. Ule ukungu mdogo mkono unapopita haraka, ndio unaotuambia kwamba hii ni sinema.

Sasa TV yako inaonyesha picha mara 60 au 120 kwa sekunde, na imetoka kiwandani ikiwa imewashwa kitu kinachokisia fremu za katikati na kuzichomeka. Fremu moja ngumi iko begani, inayofuata iko shavuni, na TV inabuni ngumi nyingine katikati ambazo hakuna mpigapicha aliyezipiga. Mwendo unakuwa laini mno. Tamthilia nyingi za zamani zilipigwa kwa video yenye picha 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo kichwa chako kikiona ulaini ule kinasema: tamthilia. Hujakosea hata kidogo.

Wenye kazi yao walilalamika pia. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video fupi wakiwaomba watu wakizime kitu hiki majumbani. Mwaka uliofuata ikatangazwa Filmmaker Mode, ambayo siku hizi imo kwenye TV nyingi. Ukiichagua, TV inaacha ubunifu wake. Kama yako haina, ingia kwenye setingi za picha. Samsung wanakiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanakiita TruMotion, Sony wanakiita Motionflow. Zima. Siku ya mechi muwashie mzee wako, amani ya nyumba inakuja kwanza.

Na kama kuna kijana anayechezea gemu kwenye TV hiyo, awashe Game Mode. Ili ikisie fremu ya katikati, TV lazima ishikilie picha isubiri ijayo, kwa hiyo unabonyeza pedi na mchezaji anachelewa kupiga shuti. Nawajua watu walionunua pedi mpya mbili kabla ya kugusa setingi hii.

Mwenye kibanda umiza mtaani kwetu huivuta picha mpaka mistari myeusi ya juu na chini iishe. Anasema muvi yenye mistari ni kopi mbovu. (Msomaji, Mwanza)

Kopi haina tatizo. TV ina umbo la 16 kwa 9, na muvi nyingi za sinema ni pana kuliko hapo, 2.39 kwa 1. Mistari hiyo ni gharama ya kuonyeshwa picha nzima. Akiivuta, ama anakata pembeni ama anawarefusha watu kama minazi. Mwombe airudishe mara moja tu, muone ni nani alikuwa amejibanza kando ya mlango muda wote.

Natafsiri sabtaito za muvi kwa Kiswahili kwa kujifurahisha. Zinaanza sawa na mdomo, lakini muvi ikifika mwisho zimeachana kwa karibu dakika tano. Halafu neno ng'ombe linatoka na takataka katikati. (Msomaji, Nairobi)

Dakika tano kwenye muvi ya saa mbili? Hiyo ni alama ya kidole, mwizi namjua. TV za Ulaya kwa miaka mingi zilikwenda kwa fremu 25, kwa hiyo muvi ya fremu 24 iliharakishwa kidogo ili ienee. Ya dakika 120 ikawa ya kama 115. Wewe una muvi ya toleo moja na sabtaito za toleo jingine. Zingekuwa zimepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, ungebonyeza G au H kwenye VLC, programu ya kuchezea muvi, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. Lakini pengo linalokua halisogezwi, linanyooshwa. Fungua faili kwenye programu ya bure ya Subtitle Edit, tafuta pa kubadilisha kiwango cha fremu, toka 25 kwenda 23.976, ambayo ndiyo ile 24 yetu, au kinyume chake kama sabtaito ndizo zinazobaki nyuma.

Ng'ombe wako ameponzwa na Word. Ukiandika humo, Word hugeuza alama ya ritifaa iwe iliyopinda, nayo faili likihifadhiwa kwa usimbaji mmoja (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) na kusomwa kwa mwingine, inalipuka. Andika kwenye Notepad, tumia ritifaa iliyonyooka, hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8. Herufi zetu zote ziko kwenye kibodi ya kawaida, Wafaransa wanatuonea wivu. Ni ng' tu inayotutia aibu.

Na usiache. Tumekua na kina Lufufu na DJ Afro wakitusimulia muvi juu ya sauti yenyewe, na raha yake haielezeki, lakini asiyesikia naye anataka kujua jambazi amesema nini.

Laptopu yangu ya mtumba ina RAM ya GB 4 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Pesa yangu inatosha kitu kimoja, RAM au SSD? Nataka pia kucheza gemu. (Fundi simu, Iringa)

SSD, bila kusita. Hadi diski ina sahani inayozunguka na mkono unaotafutatafuta. Ikisoma faili moja refu inajitahidi hadi kama MB 100 kwa sekunde, lakini ikirukaruka, kama kompyuta inavyofanya ikiwaka, inatambaa. SSD ya SATA inafika MB 500 na haina cha kuzungusha. RAM ifuate ukipata tena. Ukienda kuinunua, ichomoe ya zamani uende nayo mkononi, kwa sababu RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake liko mahali tofauti. Laptopu nyingi za zamani za DDR3 zinataka DDR3L ya volti 1.35, si ile ya 1.5.

Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kichipu cha usalama, na prosesa ambayo huenda huna. Jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Gemu mpya sahau, bila kadi ya picha zitakutia uchungu. Weka PPSSPP, ile inayocheza gemu za PSP. Inaendeshwa hata na simu ya kawaida, laptopu yako itaimudu ikipiga mluzi.

Nimeikuta kanda ya gemu ya utotoni. Bado tunapuliza? (Baba, Mombasa)

Hapana, mzee wangu. Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya, meno yakakutana vizuri. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula chuma. Pamba ya masikioni na spiriti kidogo vinatosha. Ila najua utapuliza.

Mwanangu nikimwita kula anasema gemu haiwezi kusimamishwa. Ananidanganya? (Mama, Kigoma)

Inategemea, mama. Kama anacheza na watu wengine mtandaoni, anasema kweli. Mechi iko kwenye seva, akiondoka wenzake wanaendelea na yeye anahesabiwa ameshindwa. Kinachosaidia ni kumwonya robo saa kabla ya kupakua chakula, asianze mechi nyingine. Lakini akiwa anacheza peke yake, kitufe cha kusimamisha kipo, kiko katikati ya pedi, na anakijua vizuri kuliko wewe. Kwa hiyo kabla hujaenda chumbani, angalia kwanza kama bando limeisha.